Maswali ya Wasomaji: Kuwapeleka Watoto Kwenye Makumbusho ya Filamu

Wazazi na walimu wengi wametuandikia kuhusu makumbusho ya filamu, yaani zile nyumba zinazohifadhi mikanda, kamera, projekta, maleba na mabango ya sinema za zamani. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Wahariri, salaam. Nina watoto wawili, wa miaka 5 na 9. Tumetenga siku nzima kwa ajili ya makumbusho, na mume wangu anataka tupite chumba kwa chumba ili tusikose kitu. Ni sawa?
*Mama wa wawili*

Siku nzima ni ndefu mno, mama. Kwa mtoto wa miaka 5 panga saa moja, ikizidi sana saa moja na robo. Wa miaka 9 atafika saa moja na nusu kabla hajaanza kuuliza mnaondoka lini. Kupita chumba kwa chumba ndiko kunakowachosha zaidi, maana makumbusho ya filamu yana vitu vya aina mbili: vinavyosogea na vilivyofungiwa kwenye kabati za vioo. Ukianza na kabati, watoto watakuwa wamechoka mtakapofika kwenye vinavyosogea.

Kwa hiyo anzeni na vyombo vya kuzungusha kwa mkono, vile vilivyokuwapo kabla ya sinema yenyewe. Baada ya hapo nendeni kwenye mkanda na projekta, kisha kamera. Maleba, mabango na picha za waigizaji viwe vya mwisho, na kama muda umekwisha viacheni tu. Gauni la mwigizaji ambaye mtoto hajawahi kumwona halimwambii chochote. Akishaelewa kwamba filamu ni mfuatano wa picha zilizosimama, kila kitu kingine humo ndani kitakuwa na maana kwake, hata hilo gauni.

Kabla ya kwenda, piga simu uulize mambo matatu. Kwanza, je, kuna projekta ya mkanda inayowashwa mbele ya wageni, na ni saa ngapi? Panga ziara yote kuizunguka saa hiyo. Pili, vyombo vya watoto kuzungusha vinafanya kazi? Mipini yake hukatika mara kwa mara kwa sababu watoto huizungusha kinyume au kwa nguvu, na chombo kinaweza kukaa wiki kadhaa kikisubiri fundi. Tatu, filamu ya siku hiyo ni ya dakika ngapi, na inahusu nini?

Fikeni mlango unapofunguliwa. Chombo kama zoetropu, yaani pipa la kuzungusha lenye michoro ndani, huhudumia watoto wawili watatu kwa wakati mmoja, na foleni ikishakuwa ndefu wa miaka 5 hatavumilia. Kuleni kabla ya kuingia. Chakula hakiruhusiwi vyumbani kwa sababu makombo huleta wadudu, na wadudu wakishamaliza makombo huhamia kwenye nguo na karatasi.

Mwanangu wa miaka 8 aliniuliza picha za sinema zinatembeaje, nikababaika. Safari hii nataka niwe na jibu.
*Baba mwenye deni la jibu*

Hazitembei, na hilo ndilo la kumwambia kwanza.

Tafuteni kipande cha mkanda wenye upana wa milimita 35. Makumbusho mengi huwa na kipande kilichotandazwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Mwache aangalie kwa karibu kabla hujasema neno. Ataona safu ya matundu kwenye kingo zote mbili. Mwambie ahesabu: kila picha ina matundu manne kila upande. Kisha mwambie alinganishe picha ya kwanza na ya pili. Atakwambia ni zilezile. Sasa alinganishe ya kwanza na ya kumi na mbili. Hapo ataona mkono umepanda, au gurudumu la gari limesogea, na mara nyingi atarudi mwenyewe kuzipitia moja moja akitafuta ni wapi mkono ulipoanza kupanda. Mpe muda wa kutosha. Dakika tano kwenye kioo hicho zina faida kuliko nusu saa ya maelezo.

Kama mkanda ni wa filamu yenye sauti, kati ya picha na matundu ya upande mmoja kutakuwa na mstari mwembamba wenye mawimbi. Hiyo ndiyo sauti, imeandikwa kwa mwanga. Mtoto mdadisi anaweza kudhani sauti iliyo kando ya picha ni ya picha hiyohiyo. Sivyo. Sauti imetangulizwa kwa picha 20 hivi, kwa sababu mbele ya lenzi mkanda huenda kwa kushtuka-shtuka, na sauti haiwezi kusomwa hapo. Lazima isomwe mbele kidogo, mahali ambapo mkanda umeshatulia na unapita sawasawa.

Sasa hesabu. Filamu yenye sauti hupita kwa picha 24 kila sekunde. Huo ni urefu wa sentimita 45 na ushei, yaani dhiraa moja: kutoka kiwiko cha mtu mzima hadi ncha ya kidole cha kati. Mwonyeshe kwa mkono wako. Kila sekunde, dhiraa moja ya mkanda imeshapita. Filamu ya dakika 90 ni karibu kilomita mbili na nusu.

Kwenye projekta, mtafutieni gurudumu dogo lenye meno lililo chini kidogo ya dirisha la mwanga. Linaendeshwa na kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, ambacho mafundi hukiita msalaba wa Malta. Kazi yake ni moja: kuvuta mkanda kwa picha moja, kusimama, kuvuta, kusimama, mara 24 kwa sekunde. Mlio wa tak-tak-tak mnaousikia unatoka hapo. Wakati mkanda unavutwa, kisahani chenye mabawa mawili huziba mwanga ili tusione picha ikiteleza. Bawa la pili huukata mwanga mara nyingine tena huku picha imesimama. Watoto hushangaa: kwa nini kukata mwanga bila sababu? Sababu ipo. Mimweko 24 kwa sekunde bado jicho huiona ikipepesa. Ikigawanywa kuwa 48, kwenye ukumbi wa giza pepesi hiyo karibu itoweke.

Vibao vingi na waongoza wageni wengi bado husema picha inatembea kwa sababu jicho huihifadhi kwa muda mfupi. Hiyo ni nusu ya maelezo. Jicho kushindwa kuona giza la katikati ni jambo moja, na kuona mwendo ni jambo jingine: huo mwendo hutungwa na ubongo, unaounganisha mahali kitu kilipokuwa na mahali kilipo sasa. Mtoto wa miaka 8 analielewa hilo bila taabu ukimwambia hivi: macho yanapewa picha zilizosimama, akili ndiyo inayozitembeza.

Binti yangu alizungusha zoetropu akasema haoni kitu ila ukungu. Imeharibika? Na je, ile mimweko haina madhara?
*Shangazi mlezi*

Mara nyingi chombo ni kizima. Zoetropu ni pipa lililo wazi juu, lenye nyufa nyembamba ubavuni na ukanda wa michoro ndani. Watoto hutazama kwa juu, na kwa juu huona ukungu mtupu. Macho yanatakiwa yawe usawa wa nyufa, akitazama kupitia ufa wa karibu hadi kwenye michoro ya upande wa pili. Mtoto mfupi huhitaji kibao cha kusimamia. Muulize mhudumu, mara nyingi kimo kando. Kosa la pili ni kuzungusha kwa fujo. Mzunguko mmoja kwa sekunde unatosha.

Kuhusu madhara: watoto wengi hawapati lolote. Lakini mtoto mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga asikaribishwe kwenye zoetropu, wala kwenye chumba chenye taa za kumetameta, bila ushauri wa daktari wake. Mimweko ya hatari zaidi ni ya kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, na vyombo hivi hufanya kazi humohumo. Mwambie mhudumu mapema mlangoni. Ikitokea mmejikuta kwenye mwanga huo, mtoto azibe jicho moja kabisa kwa kiganja, ageuze uso, na mtoke. Kufumba macho tu hakutoshi, kwa sababu mwanga hupenya kwenye kope.

Wanangu walicheka filamu bubu kwa dakika tatu, kisha wakaanza kugaagaa vitini. Kwa nini watu wa zamani walikuwa wanakimbia-kimbia vile?
*Baba wa mapacha*

Hawakuwa wanakimbia. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, na mpiga picha alipitisha picha 16, 18, pengine 20 kwa sekunde. Mkanda uliopigwa kwa 16 ukionyeshwa kwa 24, kila kitu kinakwenda mara moja na nusu ya mwendo wake. Makumbusho makini hurekebisha mwendo, na ukiona watu wanatembea kama watu, ujue kuna fundi aliyefanya kazi hiyo kwa uangalifu. Ila pia zipo filamu za vichekesho zilizopigwa polepole kwa makusudi ili watu waonekane wana kasi, kwa hiyo si kila mwendo wa haraka ni kosa.

Kuhusu kugaagaa, tatizo ni urefu. Anzeni na filamu za ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walizoonyesha mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio huko Paris tarehe 28 Desemba 1895. Zilikuwa 10, na kila moja ni ya sekunde 50 hivi, kwa sababu kamera yao ilibeba mkanda wa mita 17 tu. Mtoto hawezi kuchoka kwa sekunde 50. Mpe kazi kabla ya kuanza: nani anaingia wa kwanza, kuna wanyama wangapi, nani ametazama kamera? Kwenye filamu ya wafanyakazi wakitoka kiwandani kuna mbwa, na watoto hupenda kumtafuta. Irudieni mara ya pili. Itakuwa fupi bado.

Kwa filamu ndefu zaidi, yale maandishi yanayotokea katikati huwashinda wasioweza kusoma haraka. Kama onyesho si la kimya kabisa, msomee mtoto kwa sauti ya chini bila kuona haya. Huko Japani enzi za filamu bubu kulikuwa na wasimuliaji walioitwa benshi, waliosimama kando ya skrini wakieleza kisa na kuwasemea waigizaji, na watu walilipa kwenda kumsikiliza benshi wanayempenda.

Nimeona kwenye filamu na katuni za zamani Waafrika wakichorwa kwa dharau. Nimchukue mtoto wangu wa miaka 10 kutazama vitu hivyo?
*Mzazi mwenye wasiwasi*

Una haki ya kuwa na wasiwasi. Mambo hayo yapo kweli: wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni na kuigiza watu weusi kama wajinga, katuni za midomo mikubwa, "washenzi" wa kubuniwa wanaocheza ngoma. Maneno "inafaa umri wote" kwenye tangazo la filamu ya mwaka 1925 au 1935 yanaweza kumaanisha tu kwamba haina damu wala mapenzi. Ndiyo maana tumesema uliza filamu inahusu nini, na ikiwezekana itazame mwenyewe kwanza.

Maoni yetu ni kwamba mtoto wa miaka 5 hana sababu ya kuoneshwa. Wa miaka 10 anaweza, kwa sharti kwamba aambiwe kabla na wala si baada. Mwambie waziwazi: waliotengeneza hii hawakuwa watu wetu, waliwacheka watu wetu ili wapate fedha, na ulikuwa uongo hata siku ile ilipotengenezwa. Kisha mwulize anachokiona: kamera imewekwa wapi, nani anapewa jina, nani hasemi kitu? Mtoto akitaka kutoka, tokeni. Na kama makumbusho yameweka kitu kama hicho ukutani bila neno lolote la kukieleza, wasiliana nao kwa maandishi. Maandishi ya kwenye kuta hubadilishwa, na hubadilishwa upesi zaidi wageni wanapolalamika.

Kwa nini kila mahali ni giza na flashi hairuhusiwi? Picha zangu zote zimetoka nyeusi.
*Msomaji*

Nguo, karatasi na picha za rangi huharibiwa na mwanga, na uharibifu huo hujumlishwa. Rangi iliyopauka hairudi. Kiwango kinachotumika sana kwa nguo na mabango ni laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ambao ni mwanga hafifu sana ukilinganisha na ofisi ya kawaida. Flashi pia huwasumbua wageni wengine na kurudi kwenye kioo cha kabati. Zima flashi, egemeza viwiko kwenye mbavu zako, na piga picha kwa kuinamisha simu kidogo ili kioo kisirudishe uso wako. Kwa mtoto anayeogopa giza, simameni mlangoni dakika mbili tatu macho yazoee kabla ya kuingia. Wengi wanaolia hulia kwa sababu wameingizwa ghafla kutoka juani.

Naomba ushauri kuhusu zile kona za watoto: uhuishaji wa kupiga picha moja moja, skrini ya kijani, na sauti. Tulipokwenda, filamu ya watoto ilidumu sekunde mbili tu, na mdogo wao alionekana kichwa bila mwili.
*Mjomba wa watatu*

Kichwa bila mwili: alivaa kijani. Kompyuta huondoa kila kilicho kijani na kuweka mandhari mahali pake, pamoja na fulana. Wavalishe rangi nyingine yoyote isiyokaribiana na kijani, na kama ukuta ni wa bluu, epukeni bluu. Epukeni pia vitu vinavyong'aa, kwani hurudisha rangi ya ukuta na kutoboka matundu kwenye picha. Asimame hatua mbili mbele ya ukuta, asiuegemee, ili kivuli chake kisianguke juu yake.

Filamu ya sekunde mbili ni suala la hesabu tu. Kona nyingi hucheza picha 12 kwa sekunde. Sekunde 5 ni picha 60. Watoto wakipiga 24 wakaona wamefanya kazi kubwa, watapata sekunde mbili. Kwa hiyo amueni mapema: kitu kimoja, tendo moja, picha 60. Kama mdoli anavuka meza ya sentimita 30 kwa sekunde 5, asogezwe nusu sentimita kila picha. Watoto husogeza sentimita tatu nne, na mdoli anaonekana anaruka kama panzi. Mgawanyo mzuri wa kazi ni huu: mmoja anasogeza, mmoja anabonyeza, wa tatu anasema "mikono nje!" kabla ya kila picha. Huyo wa tatu ndiye anayeokoa filamu, kwa sababu kosa linalotokea kuliko yote ni mkono kubaki ndani ya picha. La pili ni kugusa meza kamera ikatikisika. Kitu kinapoanza kutembea na kinapokaribia kusimama, kisogezwe kidogo kidogo zaidi. Hapo mwendo unaonekana una uzito.

Kwenye kona ya sauti watoto wataona vifuu vya nazi vya kugonga kwato za farasi, mfuko wa wanga wa kukandamiza usikike kama hatua kwenye theluji, karatasi ya nailoni inayokunjwa iwe moto, glovu zinazopigwa-pigwa ziwe mabawa ya ndege. Ziba macho ya mtoto mmoja na umwache abashiri, halafu abadilishane na mwingine.

Mimi ni mwalimu wa darasa la wanafunzi 40. Mwaka jana walitoka na karatasi za maswali zilizojaa majibu, lakini nikagundua hawakuangalia kitu.
*Mwalimu wa darasa la nne*

Karatasi ya maswali 20 humfundisha mtoto kusoma vibao na kunakili tarehe. Iwe na kazi tatu tu, na zote ziwe za kutazama: chora umbo la matundu ya mkanda mmoja, chora chombo kimoja na uoneshe kwa mshale sehemu inayozunguka, tafuta kitu ambacho hujui kazi yake na andika unachodhani. Hiyo ya tatu mpelekee mwongoza wageni mwishoni awajibu.

Arobaini pamoja hawaingii mbele ya projekta moja. Wagawe vikundi vinne vya 10, kila kimoja na mtu mzima, na kila kituo kiwe cha dakika 20. Vituo vinne ni dakika 80, ongeza dakika 5 za kuhama kila mara. Usipange vikundi viwili vinavyofuatana viwe na projekta na ukumbi wa filamu kwa wakati mmoja, maana onyesho likichelewa dakika 10 ratiba yote inakwama hapo. Penseli tu, wino hapana. Mabegi yabaki kwenye basi au chumba cha mizigo. Mtoto akigeuka na begi mgongoni hajui amegonga nini.

Kijana wangu aliuliza kwa nini mikanda ya zamani haionyeshwi yenyewe, tukaambiwa inaweza kulipuka. Ni kweli?
*Mama wa kijana mdadisi*

Inawaka, na inawaka vibaya. Kuanzia miaka ya mwanzo ya sinema hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikanda mingi ya milimita 35 ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi. Kemikali hiyo ina oksijeni yake ndani, kwa hiyo ikishashika moto haihitaji hewa. Huendelea kuwaka hata ikizamishwa kwenye maji, na moshi wake ni sumu. Ndiyo maana mikanda hiyo hukaa kwenye maghala ya pekee, yenye ubaridi, mbali na jengo la wageni. Kijana asiogope: mikanda anayoshika kwenye kona ya watoto ni ya plastiki ya baadaye isiyo na hatari hiyo.

Mweleze pia kwamba moto si adui pekee. Georges Méliès, Mfaransa aliyekuwa mfanya mazingaombwe kabla ya kuingia kwenye sinema, alitengeneza filamu zaidi ya 500. Mwaka 1923, akiwa amefilisika, alichoma mwenyewe mikanda yake halisi. Zilizobaki leo ni 200 hivi, na zimebaki kwa sababu nakala zilikuwa zimeuzwa na kutawanyika duniani. Huko Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge ya nchi hiyo ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya filamu bubu ndefu zilizotengenezwa huko zimepotea kabisa. Kijana anapopita kwenye ile mikebe ya bati iliyopangwa nyuma ya kioo, ni vyema ajue kwamba kilichomo ni kile kilichosalimika.

Watoto wamerudi wakitaka zoetropu yao. Nawatengenezeaje?
*Babu fundi*

Kata kadi ngumu yenye urefu wa sentimita 62 na kimo cha sentimita 15. Sentimita 2 ni za kupandiana wakati wa kugundisha, zikibaki 60. Kwenye nusu ya juu, kila baada ya sentimita 5 kata ufa wima wa upana wa milimita 3 na urefu wa sentimita 5. Utapata nyufa 12. Paka nje rangi nyeusi isiyong'aa, kisha kunja kadi iwe pipa. Kipenyo chake kitakuwa sentimita 19 na kidogo. Gundisha pipa juu ya kitako cha duara kinachozunguka kwenye mhimili ulio katikati kabisa. Ukikosea katikati hata kwa nusu sentimita, pipa litayumba na michoro itapanda na kushuka.

Ukanda wa michoro ni karatasi ya sentimita 60 kwa 7, yenye vyumba 12 vya sentimita 5. Mchoro wa 12 uongoze kwenye wa 1, la sivyo kila mzunguko utaonekana kuruka. Chora kwa kalamu nene nyeusi, na chora umbo nene kuliko lilivyo, maana zoetropu huwakondesha watu: mpira wa duara utaonekana kama yai lililosimama. Taa iwe juu ya pipa ikimulika ndani, na mtazamaji akae upande wenye giza.

Kikionekana ukungu, nyufa ni pana mno. Gundisha vipande vya karatasi nyeusi kuzipunguza. Kikionekana giza, ongeza taa kabla ya kugusa nyufa. Watoto wakishazoea, wagawe ukanda uleule vyumba 13 badala ya 12, na umbo litaanza kusafiri kulizunguka pipa badala ya kucheza mahali pamoja.

Baada ya ziara, mama mkwe alitoa sandukuni rili sita za filamu za familia. Mbili zinanuka siki. Tuzipeleke makumbusho?
*Mkwe*

Msiziweke kwenye projekta, hata kwa kujaribu. Mkanda wa zamani hunywea, na ukishanywea hata asilimia 1 matundu hayakutani tena na meno ya gurudumu. Projekta itaurarua mbele ya macho yenu.

Harufu ya siki ni asidi inayotoka kwenye plastiki ya asetati inapooza. Ikishaanza hujichochea yenyewe, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Kwa hiyo leo hii toeni hizo mbili, ziwekeni mbali na nyingine nne, kwenye mkebe unaopitisha hewa. Zote zikae mahali penye ubaridi, pakavu, mbali na jua na jiko. Fungueni dirisha mnapozishughulikia, na mzishike kwa kingo.

Pimeni upana kwa rula. Milimita 16 na 8 ndizo za kawaida kwa familia, 9.5 ni ile yenye tundu moja katikati, kati ya picha na picha. Mkikuta milimita 35 ya kabla ya miaka ya 1950, huenda ni ile nitrati inayowaka, kwa hiyo msiifungue zaidi wala kuisafirisha kwa basi au posta. Wapigieni makumbusho kwanza waseme la kufanya. Nakilini kila neno lililoandikwa kwenye boksi, na msitupe boksi lenyewe. Kisha kaeni na mama mkwe mwandike nani yumo, wapi, na mwaka gani, kwa kukisia hata kama hana hakika.

Mnapopiga simu, ulizeni mambo mawili tofauti: je, wanapokea mikanda ya familia, na je, wanaweza kuiingiza kwenye kompyuta? Makumbusho mengine hufanya moja bila jingine. Zile mbili zinazonuka ndizo zitangulie kwa fundi. Kabla ya kukabidhi chochote, pateni karatasi inayosema mkanda ni amana au ni zawadi, na familia itapata nakala ya namna gani.